Sura ya 6: Katuni Ikizimwa, Mikono Ianze

Januari 2014 watoto wa Tanzania walianza kuona kwenye TBC1 katuni inayozungumza Kiswahili chao. Ubongo Kids ilitengenezwa Dar es Salaam, na wahusika wake walifundisha hesabu na sayansi kwa visa na nyimbo. Hata nyumba yenye simu ya kawaida tu, ile ya vitufe, iliweza kushiriki, kwa kuwa maswali ya kipindi yalijibiwa kwa ujumbe mfupi. Baadaye Ubongo wakawageukia wadogo zaidi, wale ambao bado hawajaanza darasa la kwanza, wakawaletea Akili and Me.

Akili ana miaka minne. Anaishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila usiku akishikwa na usingizi huingia Lala Land, nchi ya ndoto ambako rafiki zake ni wanyama. Huko anajifunza herufi, namba, maumbo na sanaa, na anajifunza pia kuzitambua hisia zake mwenyewe, furaha na hasira zikiwemo.

Dina Borzekowski, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani, aliipima katuni hiyo mjini Morogoro kwa watoto zaidi ya 500 wa umri wa shule ya awali. Kundi moja lilitazama Akili and Me, jingine likatazama vipindi vingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: watoto wa kundi la Akili waliwapita wenzao katika kuchora, kutambua maumbo, kutambua namba, kuhesabu na Kiingereza.

Hapo, jambo la kutazamwa mara mbili ni kuchora. Wimbo wa namba unaweza kuingia kichwani mtoto akiwa amejilaza kwenye mkeka, lakini kuchora ni kazi ya vidole. Katuni humwonyesha mtoto jinsi mstari unavyozunguka hadi ukafunga duara. Penseli, karatasi na ruhusa ya kukosea vinatoka kwa mtu mzima aliye karibu naye, na sura hii inamhusu mtu mzima huyo: mzazi, bibi, dada wa nyumbani, mwalimu wa chekechea.

Mipaka ya kioo inajulikana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Watafiti wa makuzi wameona mara nyingi kwamba mtoto ambaye hajafika miaka miwili na nusu hujifunza jambo kwa urahisi zaidi akionyeshwa na mtu aliye hai mbele yake kuliko akiliona kwenye video. Kwa hiyo saa moja ya katuni inatosha, na kazi kubwa ni ya muda unaofuata baada ya televisheni kuzimwa.

Kazi nyingi zinazouzwa kwa jina la katuni ni kurasa za kupaka rangi: mhusika amekwisha kuchorwa, mtoto ajaze tu. Kurasa hizo zina faida yake, maana zinamzoeza mtoto kushika kalamu na kuiongoza isivuke mstari. Lakini mwalimu wa sanaa Viktor Lowenfeld, katika kitabu alichokitoa mwaka 1947 kuhusu ubunifu wa watoto, alizipinga kwa sababu inayobaki na uzito mpaka leo: uamuzi wote umekwisha kufanywa na mtu mwingine. Shughuli njema ya katuni humwachia mtoto la kuamua. Mnyama huyu awe na miguu mingapi? Anaogopa nini? Kwa nini amekasirika?

Sambusa ni pembetatu

Kipindi cha maumbo kikiisha, vifaa vya somo linalofuata viko jikoni. Mtoto atumwe kutafuta duara: atarudi na sahani, ungo, chapati, mfuniko wa sufuria. Atafute pembetatu, atakuta sambusa. Mstatili ni mlango, ni kitambulisho cha baba, ni boksi la dawa ya meno lililolazwa. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kufanya msako huu kwa furaha hata kama bado hawezi kuchora kimojawapo cha vitu hivyo.

Kutambua umbo na kulichora ni hatua mbili, na ya pili ina ratiba yake. Watoto wengi hulinakili duara wakiwa na miaka mitatu hivi, msalaba wakikaribia minne, mraba kati ya minne na mitano. Pembetatu huchelewa mpaka mitano au zaidi, kwa sababu mstari wa kulala upande ni mgumu kwa mkono mchanga. Mzazi anayeijua ratiba hii hamgombezi mtoto wa miaka mitatu kwa sababu pembetatu yake imetoka kama kiazi.

Baada ya msako, watu wazima wakate maumbo kutoka kwenye maboksi ya sabuni na ya biskuti, makubwa na madogo, kisha wayamwage mbele ya mtoto. Agizo ni moja: tengeneza mnyama wa kwenda kuishi Lala Land. Gundi hupikwa nyumbani: vijiko viwili vya unga wa ngano vikorogwe kwenye kikombe cha maji, vikae motoni huku vikikorogwa mpaka viwe uji mzito, kisha vipoe. Ikifunikwa vizuri hutumika kwa siku mbili tatu.

Mtoto akimpa mnyama wake macho matatu, aachwe nayo. Swali la kumuuliza ni jicho la tatu linatazama wapi. Akijibu, anatunga sentensi ndefu kuliko zile anazozisema akiulizwa, "Hii rangi gani?" Lugha hukua kwa majibu ya namna hiyo.

Kuhesabu kuna mchezo wake, na visoda ndivyo mtaji. Boksi lichorwe uso wa kiboko, mdomo ukatwe uwe wazi, na mtoto awe mlishaji. "Kiboko anataka vinne." Mtoto ahesabu vinne, atumbukize mdomoni. Mchezo unaonekana mdogo, lakini unagusa jambo ambalo wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel walilieleza kwa kina mwaka 1978: ili mtoto awe amehesabu kweli, kila kitu kipate namba moja tu, namba zifuatane kwa mpangilio ule ule, na namba ya mwisho iwe ndiyo jumla. Kanuni hii ya tatu ndiyo huwapiga chenga wadogo. Mtoto huhesabu vizuri kabisa, moja mpaka tano, lakini ukimuuliza, "Kwa hiyo ni vingapi?" anaanza upya, moja, mbili, tatu. Kumwambia "nipe vinne" kunamlazimu asimame mahali, na kusimama huko ndiko kunakoonyesha kwamba ameelewa.

Tahadhari hapa ni ya lazima. Kisoda kina upana wa sentimita tatu hivi na kingo zake ni kali. Kinaweza kumkaba mtoto au kumkata. Kipimo rahisi ni bomba la katoni linalobaki karatasi ya chooni ikiisha: kitu kinachopita humo kisiachwe mikononi mwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Yeye alishe kiboko chake kwa vifuu, vijiko vya mbao au mifuniko mikubwa ya makopo.

Nukta za Tingatinga

Mwaka 2010 kituo cha watoto cha BBC, CBeebies, kilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, mfululizo wa vipindi 52 uliobuniwa na Claudia Lloyd na kuhuishwa Nairobi katika studio ya Homeboyz. Kila kipindi hujibu swali la "kwa nini": kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu, kwa nini gamba la kobe lina nyufa. Visa vimetokana na ngano za Afrika. Sura ya picha zake, pamoja na jina lenyewe, imetokana na mtu mmoja wa Tunduru.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932, akahamia Dar es Salaam kutafuta riziki, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi, akitumia rangi za kung'aa zilizokuwa zikipakwa kwenye baiskeli. Vibao vyake vingi vilikuwa vya mraba, sentimita 60 kwa 60 hivi. Alipaka ardhi ya picha rangi moja, akamweka mnyama katikati akijaza nafasi yote, kisha akampamba kwa madoa na mistari. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kuchora, lakini jamaa na wanafunzi wake waliiendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaanzisha ushirika wao, ambao bado unachora na kuuza Dar es Salaam.

Mtindo huu unamfaa mtoto wa miaka minne kuliko mitindo mingi ya vitabuni. Haumdai kivuli wala umbali. Unataka mnyama mmoja mkubwa, rangi moja nyuma, na nukta nyingi, na nukta ni alama ambayo hata mkono usiotulia unaiweza. Kila nukta humtaka mtoto aishike kalamu kwa vidole vitatu, aishushe taratibu na aiinue kwa wakati. Mazoezi hayo ndiyo yatakayouandaa mkono kwa herufi.

Kazi yenyewe huchukua siku mbili. Siku ya kwanza mtoto apake karatasi ya manila au upande wa ndani wa boksi rangi moja, mpaka pembe zote zifunikwe, kisha aianike. Siku ya pili amchore mnyama kwa chaki au mkaa, mkubwa kiasi cha kugusa kingo, amjaze rangi, ndipo zifuate nukta. Kijiti cha pamba cha kusafishia masikio kinatoa nukta nzuri. Pasipo hicho, kijiti cha mti kilichotafunwa ncha kinatosha.

Rangi za mafuta alizotumia Tingatinga zisiguswe na watoto, kwa ajili ya harufu yake na vimiminika vya kuzifutia. Badala yake bizari ya manjano hutoa rangi ya njano, mkaa uliosagwa hutoa nyeusi, na udongo mwekundu uliochekechwa hutoa kahawia iliyoiva. Kila unga uchanganywe na gundi ya ngano iliyozimuliwa kwa maji, nao utashika kwenye boksi.

Picha ikikauka, zamu ya hadithi ifike. Mtoto aulizwe: kwa nini chui wako ana nukta za njano? Atakalosema liandikwe nyuma ya picha vile vile alivyolisema, bila kusahihishwa, kisha asomewe. Mtoto ambaye hajui herufi hata moja anashuhudia maneno yake yakiwa wino, na wino huo ukisomwa unarudi kuwa sauti yake. Walimu wa awali wanaithamini sana hatua hii, kwa kuwa inampa mtoto sababu ya kutaka kusoma.

Mkasi na kivuli

Miongoni mwa filamu ndefu za katuni zilizosalia duniani, ya kale kuliko zote ilifanywa kwa mkasi. Lotte Reiniger, mzaliwa wa Berlin wa mwaka 1899, alikata watu, farasi na majini kutoka kwenye karatasi nyeusi ngumu na mabati membamba ya risasi, akaviunga viungo vyao kwa waya, akavilaza juu ya kioo chenye taa chini yake, akawa anavisogeza kidogo kidogo na kupiga picha moja moja. Kazi ilianza mwaka 1923, na filamu ikaonyeshwa mwaka 1926. Inamhusu mwanamfalme aitwaye Achmed, na visa vyake vimechotwa katika hadithi ambazo wasomaji wa Kiswahili wanazijua kwa jina la Alfu Lela Ulela.

Kwa watoto, ufundi wa Reiniger unahitaji shuka moja au kanga nyepesi iliyotundikwa kwenye kamba, na tochi ya simu nyuma yake. Umeme ukikatika, ukumbi uko tayari. Wahusika wakatwe kutoka kwenye boksi, kila mmoja agandishwe kwenye kijiti. Mtoto wa miaka minne atumie mkasi wa ncha butu akiwa amekaa, na aanze kwa kukata vipande vifupi vya karatasi kabla hajaombwa kufuata mstari wa mviringo. Mkono au mkia unaweza kuungwa kwa uzi uliofungwa fundo pande zote mbili, ili ucheze. Kibatari na mshumaa visikaribie nguo hiyo.

Kisha, "Paukwa!" na watoto waitikie, "Pakawa!" Wasimulie upya kipindi walichokitazama, kwa sehemu tatu: kilianzaje, kikaharibika wapi, kikatengemaa vipi. Kusimulia upya ni kipimo kizuri cha kuelewa, kwa sababu mtoto hawezi kupanga matukio ambayo hakuyafuata. Akibadilisha mwisho, ni vizuri zaidi. Na mtoto mwenye haya, ambaye hasemi neno mbele ya wageni, mara nyingi husema mengi akiwa amejificha nyuma ya shuka na kijiti mkononi.

Sayansi nayo inapita humo humo. Mwanasesere akisogezwa karibu na tochi, kivuli chake hujaa shuka nzima. Akirudishwa karibu na nguo, hupungua na kingo zake huwa kali. Wasiambiwe mapema. Waulizwe tu namna ya kumfanya simba awe mkubwa kuliko nyumba, nao watajaribu mpaka wapate.

Kuku ndani ya tenga

Kuanzia miaka mitano au sita watoto huanza kuuliza picha zinatembeaje. Jibu lake linatengenezwa kwa boksi na uzi, kwa kufuata mchezo uliopendwa London tangu miaka ya 1820. Kikatwe kisahani cha upana wa mdomo wa glasi, kitobolewe kulia na kushoto, uzi ufungwe kila tundu. Upande mmoja achorwe kuku. Upande wa pili lichorwe tenga. Watoto wa pwani wanaweza kuchora samaki na dema. Picha ya pili iwe kichwa chini ukilinganisha na ya kwanza, kwa sababu kisahani kitapinduka juu-chini. Nyuzi zikisokotwa na kuvutwa, kisahani huzunguka kwa kasi na kuku huonekana yumo tengani.

Jicho hupokea picha mbili, lakini zinafuatana kwa haraka kiasi kwamba ubongo unaziona kuwa moja. Filamu imejengwa juu ya tabia hiyo hiyo: picha 24 kwa kila sekunde. Wachoraji wa katuni za mkono mara nyingi huchora 12 na kuionyesha kila moja mara mbili, na hata hivyo dakika moja hudai michoro 720. Mtoto aliyechora mpira kwenye pembe za kurasa kumi za daftari, ukidunda kila akizipeperusha, anaielewa hesabu hiyo kwa vidole vyake.

Wakubwa hao wanafaa pia kupelekwa kwa Super Sema, katuni iliyoanza kuonyeshwa YouTube mwaka 2021, ambayo Lupita Nyong'o ni mmoja wa watayarishaji wake wakuu na wa sauti zake. Sema na pacha wake MB hutatua matatizo ya kijiji chao kwa kubuni na kuunda vitu. Baada ya kipindi, watoto wapewe tatizo la kweli la nyumbani, kama vile penseli zinazopotea kila siku, pamoja na rundo la makopo na waya laini. Afrika Mashariki ina watoto ambao tangu zamani huunda magari ya waya yenye usukani unaofanya kazi. Katuni inawaongezea tu sababu ya kuunda.

Darasa lenye watoto wengi

Haya yote ni rahisi kwa mtoto mmoja sebuleni. Mwalimu wa awali mwenye darasa lililojaa anahitaji mpango, na ukanda huu una mfano wa kuigwa. Miaka ya 1980, Mombasa, mpango wa shule za awali za madrasa uliosaidiwa na Aga Khan Foundation, mwalimu Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waanzilishi wake, ulianza kuonyesha kwamba darasa la jamii yenye kipato kidogo linaweza kujaa vifaa: makombe ya baharini, vifuu, mbegu, vitambaa, visoda. Mpango ukaenea Zanzibar na Uganda.

Darasa hugawanywa katika kona. Kundi moja hulisha kiboko, jingine hupiga nukta, la tatu hufanya mazoezi ya vivuli, la nne husimuliana hadithi. Baada ya dakika 15 au 20 wanabadilishana. Mwalimu hukaa kwenye kona inayohitaji mkasi. Televisheni si lazima iwepo: hadithi ya kipindi inaweza kusimuliwa kwa mdomo, au kusikilizwa redioni, na kazi za mikono zikaendelea vile vile.

Hadithi moja itoshe wiki nzima. Waandaaji wa Blue's Clues, katuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1996, walirusha kipindi kile kile siku tano mfululizo, wakiacha vituo vya kimya ili watoto wajibu. Watafiti waliwaona watoto wakijibu zaidi na kuelewa zaidi kadiri marudio yalivyoongezeka. Jumatatu kutazama na kusaka maumbo, Jumanne kuhesabu, Jumatano na Alhamisi kupaka rangi na nukta, Ijumaa kivuli: mtoto hachoki na Akili yule yule, kwa sababu kila siku anamfanyia jambo jipya.

Kila kazi iandikwe nyuma jina la mtoto, tarehe na maneno aliyoyasema, kisha ihifadhiwe kwenye jalada moja au boksi la viatu. Baada ya miezi sita mwalimu na mzazi wakizipanga sakafuni kwa kufuata tarehe, wataona lini duara lilianza kufunga, lini mnyama alipata shingo, na lini sentensi ya maneno matatu ilifika kumi. Jalada hilo linafaa kukabidhiwa kwa mwalimu wa darasa la kwanza siku ya kuandikishwa, ili ajue mkono wa mtoto huyu umefika wapi na aanze naye hapo.